Saileji ya Samaki

Viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu vikishamtoa sangara minofu yake, kiasi cha nusu ya samaki hubaki mezani. Mabondo yana soko lake China. Vichwa na mifupa, Mwanza wanaita mapanki na Kisumu mgongo wazi, hukaangwa na kulisha familia nyingi. Matumbo na vipande vya nyama visivyouzika ndivyo vinavyokosa mwenyewe, navyo huharibika upesi kwa joto letu. Huku wafugaji wa sato na kambale wanagombania dagaa wa kulishia samaki wao na walaji wa dagaa.

Namna moja ya kuyaokoa mabaki hayo yawe chakula cha samaki wa kufugwa ni saileji ya samaki. Neno saileji wafugaji wa ng'ombe wanalijua: ni majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufunikwa yasipate hewa, yakachachuka na kudumu hadi kiangazi. Mfini A. I. Virtanen, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, aliboresha kazi hiyo kwa kutia asidi kwenye majani. Baadaye asidi ikajaribiwa kwa samaki.

Mabaki mabichi husagwa, kisha kila kilo 100 hutiwa kama kilo 3 za asidi ya fomiki na kukorogwa mpaka asidi ifike kila mahali. pH ikishuka chini ya 4, bakteria waozeshaji hawawezi kustawi. Hata hivyo nyama haikai kama ilivyokuwa: vimeng'enya vya tumbo la samaki mwenyewe huendelea kuvunja protini, na baada ya siku chache pipa huwa na uji mzito. Asiye na asidi, ambayo huunguza ngozi na hutaka glavu na miwani, hutumia molasi. Bakteria wa maziwa mgando hula sukari yake na kutengeneza asidi ya laktiki, na kazi inakuwa ileile.

Kwa nini basi tusiseme samaki wa kuvundikwa, kwa kuwa kuna wanaoyaita majani yale malisho ya kuvundikwa? Ndizi ikivundikwa huiva, hilo kila mtu analijua. Lakini samaki anayetajwa pamoja na kuvunda ni samaki aliyeoza, na saileji njema haijaoza; harufu yake ni ya uchachu. Samaki wa kuchachushwa lingefaa zaidi, ila linaeleza njia ya molasi tu. Katika pipa la asidi hakuna kinachochachuka: asidi imetoka nje, na vimeng'enya ndivyo vilivyofanya kazi. Ndiyo maana nachagua saileji, neno lililokwisha kukaa mdomoni mwa wafugaji na linalobeba njia zote mbili.

Neno la pili, mabaki, lina uzito zaidi kwangu. Vipeperushi vingi husema taka za samaki. Taka hutupwa ndooni, hupigwa jua, huchanganyika na maji ya kuoshea sakafu. Saileji haifufui samaki aliyekwisha kuharibika. Ubora wake ni ule wa malighafi saa ilipoingia kwenye asidi. Mfanyakazi akiambiwa mabaki ya chakula, atayaweka kwenye barafu. Na mapanki yasiingizwe humo maadamu kuna watu wanaoyala.

Uji huo una maji mengi, kwa hiyo huchanganywa na pumba za mahindi au mpunga, ukaanikwa na kusagwa. Mafuta yakizidi huenguliwa kwanza, maana hugeuka haraka. Kwenye gunia ningetaka yaandikwe maneno kamili: saileji ya mabaki ya sangara. Jina la samaki si pambo. Kumlisha samaki mabaki ya aina yake mwenyewe kunaweza kurudisha ugonjwa bwawani, na Umoja wa Ulaya unakataza samaki wa kufugwa kulishwa protini ya samaki wa kufugwa wa aina yao. Mfugaji wa sato anayenunua saileji ya sangara aliyevuliwa ziwani hana kikwazo hicho, lakini lazima aweze kusoma kwamba ni ya sangara.