ALIPOTEA SAHARA NA PIKIPIKI YAKE, AKARUDI NA WAZO LILILOTIKISA DUNIA: HISTORIA YA GPS YA SAFARI NDEFU

Mwaka 1977. Jamaa mmoja Mfaransa yuko katikati ya Sahara na pikipiki yake, na hajui aelekee wapi. Alikuwa kwenye mashindano ya kutoka Abidjan, Ivory Coast, hadi Nice, Ufaransa. Njia ikampotea. Mbele mchanga, nyuma mchanga, wenzake hawaonekani.

Bahati yake aliokolewa. Mtu mwingine angefika nyumbani akauza pikipiki na kuapa hatatoka tena nje ya mji. Huyu akafanya kinyume. Aliporudi Ufaransa akaanzisha mashindano yake mwenyewe, ya kutoka Paris kwenda Dakar, Senegal. Tarehe 26 Desemba 1978 vyombo 182 viliondoka Paris kwa safari ya kilomita 10,000 hivi. Vilivyofika Dakar ni 74 tu. Na aliyeibuka kidedea, mbele hata ya wenye magari, alikuwa kijana wa pikipiki.

Sasa jiulize: hao wote walijuaje njia? Mwaka 1978 hakuna simu janja, hakuna sauti ya dada anayekwambia "pinda kulia baada ya mita mia mbili". Ukipotea, umepotea kweli. Na mpaka leo mtu anayejipanga kusafiri mbali na pikipiki anakutana na swali lilelile lililomkuta yule jamaa jangwani: nani nimwamini anionyeshe njia?

KABLA YA SETILAITI: KARATASI NA MDOMO

Rudi nyuma zaidi, Desemba 1934. Wanawake wawili Waingereza wanaondoka London kwa pikipiki ya cc 600 yenye kigari cha pembeni, halafu nyuma wanakokota tela. Wanaenda Cape Town. Yaani Afrika nzima kutoka juu mpaka chini, Sahara ikiwemo. Hata dira hawakuwa nayo! Injini iliwafia jangwani, walisukuma, walichimba mchanga, na Julai 1935 wakafika. Enzi hizo watu wengi hawakuamini kama mwanamke anaweza hata kuendesha pikipiki kwenye lami.

Ikaja 1973. Mwandishi mmoja wa Uingereza akapanda Triumph yake ya cc 500, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Kenya alipita, Tanzania akapita, akaenda zake kusini. Silaha za wasafiri wa aina yake zilikuwa mbili: ramani ya karatasi na mdomo wa kuuliza. Ramani ilikaa kwenye mfuko juu ya tenki, chini ya plastiki ya kuonea, ili usome bila kuteremka. Ikinyesha, maji yanapenya. Ukifika mwisho wa ukurasa, unasimama unaikunja upya huku upepo unakupokonya.

Ramani ya karatasi ina sifa moja tamu: haiishi chaji. Lakini ina ubovu mmoja mkubwa. Inakuonyesha dunia nzima ilivyo, isipokuwa kitu kimoja unachokitaka kuliko vyote, yaani wewe uko wapi. Mjini utasoma kibao. Jangwani kibao hakuna.

MTOTO WA MAMA MKUBWA APOTEA

Januari 1982, kwenye yale yale mashindano ya Paris-Dakar, likatokea tukio lililoshika magazeti ya dunia. Mtoto wa kiume wa waziri mkuu mmoja wa Ulaya, mama aliyesifika kwa msimamo wa chuma, alipotea Sahara na gari lao yeye na wenzake wawili. Siku sita! Baba yake akapanda ndege kwenda kumtafuta. Mama, ambaye watu walidhani hajui kulia, akaonekana akitoa machozi hadharani.

Ndege ya jeshi la Algeria ndiyo iliyowaona, kilomita 50 hivi nje ya njia. Hapo ndo ujue: jangwa haliangalii mama yako ni nani. Ukikosa njia, mtoto wa waziri mkuu na mtoto wa mkulima mnalala mchanga mmoja.

WALIOSIKILIZA MLIO WA ANGANI

Dawa ya tatizo hilo ilishaanza kupikwa miaka 25 nyuma yake. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu. Huko Marekani, vijana wawili wa fizikia wakakaa kuusikiliza mlio wake kwenye redio. Wakagundua kuwa mlio unabadilika setilaiti inapokaribia na inapoondoka, kama king'ora cha gari la wagonjwa linapokupita. Kwa mabadiliko hayo wakakokotoa ilipo setilaiti. Baadaye bosi wao akaligeuza swali: kama tunaijua setilaiti iko wapi, je, mtu aliye chini anaweza kujua yuko wapi?

Jibu lilikuwa ndiyo. Wa kwanza kunufaika walikuwa wanajeshi wa majini. Kisha ikaja GPS yenyewe, setilaiti ya kwanza ikirushwa Februari 1978, mwaka uleule Paris-Dakar ilipozaliwa.

Inavyofanya kazi si uchawi. Setilaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, kila moja ina saa ya usahihi wa kutisha, na kazi yake ni kutangaza "mimi ni fulani, niko hapa, sasa ni saa fulani". Kifaa chako kinasikiliza angalau setilaiti nne, kinapima mawimbi yamechelewa kiasi gani, kinapata ulipo. Zingatia neno kinasikiliza. Hakitumi kitu, hakiombi ruhusa, hakili bando. Hii itatufaa mbele.

Mwanzoni huo ulikuwa mzigo wa jeshi la Marekani. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini iliacha njia yake, ikaingia anga ya Wasovieti na kutunguliwa. Watu 269 wakafa. Rais wa Marekani akatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataitumia bure.

Lakini bure ile ilikuwa na kamba. Raia waliwekewa makosa ya makusudi, kifaa kikuambie uko hapa kumbe uko hadi mita 100 kando. Baharini sawa. Kwenye njia panda yenye barabara tatu? Utachagua mbovu. Makosa hayo yalizimwa usiku wa tarehe 1 Mei 2000. Watu walilala na kifaa cha kubahatisha, wakaamka na kifaa kinachojua uko kwenye barabara gani. Hakuna aliyebadilisha hata betri. Mwenye setilaiti aliamua tu.

KIFAA CHENYE AKILI YA DEREVA WA PIKIPIKI

Paris-Dakar yenyewe ilianza kutumia GPS mwaka 1992, mwaka ambao mbio zilitoka Paris hadi Cape Town. Mtaani msafiri wa kawaida alifunga vifaa vya mkononi vya wapanda milima au vile vya magari. Shida ikawa kwamba pikipiki si gari. Gari lina paa. Pikipiki ina mvua, vumbi, jua la utosini na mtikisiko wa injini kutwa nzima.

Kwa hiyo TomTom wakaleta Rider mwaka 2005, na Garmin wakaleta zūmo 550 mwaka 2006. Hapo msafiri akahisi ametengenezewa kitu chake. Kioo kinaitika hata ukivaa glovu. Maji hayaingii. Plastiki yake haiharibiki ukimwagia mafuta kwa bahati mbaya. Sauti inaingia kwenye helmeti kwa bluetooth. Na zile batani za zūmo ziliwekwa upande wa kushoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu mkono wa kulia ndio wenye mafuta. Aliyefikiria hilo, huyo pikipiki anaijua.

Mastaa nao wakachochea moto. Mwaka 2004 mwigizaji mmoja maarufu wa filamu za vita vya angani na rafiki yake walipanda BMW mbili kutoka London hadi New York kwa kupitia Urusi na Mongolia, kamera zikiwafuata. Mwaka 2007 wakarudia, kutoka Scotland hadi Cape Town, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Vijana wa Ulaya na Marekani wakatazama, kesho yake kila mtu anataka pikipiki ndefu yenye masanduku ya pembeni na GPS kwenye usukani.

SIMU YAINGIA, BEI YAPOROMOKA

Sherehe haikudumu. Oktoba 2009 Google ikatangaza huduma ya kuongoza njia, bure, ndani ya simu. Siku hiyohiyo hisa za makampuni makubwa ya GPS ziliporomoka. Nani alipie kifaa cha bei mbaya wakati mfukoni tayari anacho?

Na ni kweli, kwa safari nyingi simu inatosha. Bodaboda wa Dar na Nairobi wanalijua hilo kila siku. Lakini safari ndefu ina tabia zake. Simu kwenye jua kali inapata moto na kujizima. Matone ya mvua yanabonyeza kioo kuliko kidole chako. Na Septemba 2021 kampuni inayotengeneza iPhone yenyewe ilionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu iliyofungwa kwenye usukani.

Halafu kuna kosa la watu wengi: kudhani bila bando hakuna GPS. Umeshaona kwamba kifaa kinasikiliza tu setilaiti. Kinachokula bando ni ramani. Ukiipakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye waifai, utaendelea kuonekana ulipo hata pale mtandao unapokata.

CHAGUO NI LAKO, NA SHINGO NI YAKO

Historia yote hii inamwachia msafiri maswali machache ya kujiuliza kabla ya kutoa hela. Unaenda wapi? Kama ni lami na miji, simu kwenye kishikio imara kinachopunguza mtikisiko, pamoja na waya wa chaji kutoka betri ya pikipiki, inatosha. Kama ni siku nyingi kwenye vumbi na mvua, kifaa cha pikipiki kinalipa gharama yake. Kioo kinasomeka juani? Unakiendesha na glovu? Ramani za huko uendako zimo ndani, au umenunua boksi lenye ramani za Ulaya peke yake?

Hilo la ramani ndilo zito. Setilaiti inajua ulipo, ila haijui kama daraja la mbele limesombwa. Mwaka 2009 mama mmoja na mwanawe mdogo waliifuata GPS ya gari hadi njia iliyokufa katika bonde la Death Valley, Marekani. Gari likanasa mchangani. Siku tano baadaye walipopatikana, mtoto alikuwa ameshafariki. Askari wa hifadhi ile wana jina la mikasa ya aina hiyo: kifo cha GPS.

Ramani nzuri hutengenezwa na watu waliopita. Kwa Afrika, wasafiri wenyewe walianza kukusanya alama za njia zao na kuzaa ramani za Tracks4Africa. Dar es Salaam nako, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaani walitembea kwa miguu wakiiandika mitaa iliyokuwa tupu kwenye ramani, katika mradi wa Ramani Huria. Kila kijia unachokiona kwenye kioo, kuna mtu alikipita kwanza.

Kwa hiyo wakongwe hawabebi kitu kimoja. GPS kwenye usukani, simu mfukoni, karatasi kwenye mfuko wa tenki, na mdomo. Ukifika njia panda na mzee kakaa chini ya mwembe, zima injini, vua helmeti, msalimie. Mwambie unakokwenda. Yeye anajua mvua ya wiki iliyopita ilibeba nini, na hilo setilaiti ya kilomita 20,200 juu haliwezi.

Haya wadau: simu, kifaa cha pikipiki, au mzee wa chini ya mwembe? Wewe ungemwamini nani? Na kama imewahi kukupeleka porini, simulia hapo chini.