Kutoka Wizara ya Ulinzi hadi Ikulu: Michel Micombero na Gitega ya 1972
Michel Micombero, ofisa aliyepata mafunzo ya kijeshi Ubelgiji, alipanda hadi kuwa Waziri wa Ulinzi wa Burundi. Julai 1966 Mwanamfalme Charles Ndizeye, baadaye Ntare wa Tano, alimwondoa babake, Mwambutsa wa Nne, akaisimamisha katiba na kumteua Micombero kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 28 Novemba Micombero aliufuta ufalme, akawa Rais. Ntare aliporejea mwaka 1972 alizuiliwa Gitega, akauawa humo Aprili, uasi ulipozuka kusini na kufuatwa na mauaji ya halaiki ya Wahutu. Mwaka 1976 Jean-Baptiste Bagaza, mwanajeshi mwenzake, alimpindua; akafia uhamishoni Mogadishu mwaka 1983. Katiba iliyosimamishwa kumfaa mfalme haikubaki kumlinda yeyote.