Kuchagua na kutunza kibuyu cha maziwa

MAZIWA ya asubuhi huwa na mnunuzi, ya jioni hayana. Katika boma nyingi za viungani mwa Kitale, mkamaji asiye na jokofu huyachemsha maziwa ya jioni, huyaacha yapoe na kuyamimina katika kibuyu. Kibuyu kikiwa kizima na safi, baada ya siku chache familia hupata mursik. Kikiwa na kasoro, jasho la siku nzima humwagwa shimoni.

Kibuyu hicho, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, hutumika kote Trans Nzoia na vilevile katika miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, wanakoishi Wasabaot kwa ujirani na Wabukusu. Wapokot, walioko kaskazini mwa Kitale, huyatia maziwa yao majivu ya mti uitwao cromwo, na shirika la Slow Food limeyaorodhesha miongoni mwa vyakula vya asili linavyovihifadhi. Wakenya wengine hukiona chombo hiki wanariadha wanaporejea na medali na kunyweshwa mursik uwanjani mwa ndege.

Uteuzi huanzia shambani. Kibuyu ni tunda la mmumunye, na lazima likomae likiwa bado kwenye mmea hadi kikonyo kikauke chenyewe. Lililochumwa bichi hunyauka, huingia mabonde na kuoza kabla ya ganda kuwa gumu.

Anayenunua sokoni na akitikise kwanza. Mbegu zikicheza ndani, tunda limekauka. Kukiwa kimya, nyama bado imeshikana na ganda. Kisha akigonge kwa kidole: ganda nene hulia kama ubao, lenye ufa hutoa sauti iliyopasuka. Kwa chombo kilichokwisha kukatwa mdomo, mnunuzi akiinue kwenye mwanga na kuchungulia ndani, kwa maana nyufa nyembamba hujificha chini ya mafuta yaliyopakwa nje ili king'ae. Shanga na ukanda wa ngozi ni mapambo tu. Shingo ndiyo ya kuangaliwa zaidi: ikiwa nyembamba mno hata ufagio usifike kwenye kitako, hakuna namna ya kukisafisha.

Kibuyu kipya hakitiwi maziwa siku hiyo hiyo. Mbegu zikishatolewa, hujazwa maji na kuachwa ili nyama ilainike, kisha hukwanguliwa na maji kubadilishwa tena na tena. Maji ya mwisho huonjwa kwa ncha ya ulimi na kutemwa. Yakiwa machungu, kazi haijaisha. Uchungu huo una sumu ya asili ipatikanayo katika jamii ya maboga, na kibuyu ambacho uchungu wake haukomi ni heri kiachwe.

Baada ya hapo huja makaa. Wakalenjin hupendelea mti wa senetwet, wenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Kijiti kikavu huchomwa, na ncha yake yenye kaa la moto husuguliwa ndani ya kibuyu kikavu hadi kuta zote zipate rangi nyeusi. Ufagio wa kazi hiyo, sosiot, hutokana na kikonyo cha kuti la mkindu kilichopondwa ncha moja hadi nyuzi zikatokeza. Makaa hufyonza unyevu, hulainisha ukuta na kuyapa maziwa harufu nzuri na ile rangi ya kijivu inayojulikana. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visitumiwe kamwe, wala mti usiojulikana.

Utunzaji wa kila siku hauna siri kubwa, ila hauvumilii uvivu. Kibuyu kilichomwagwa maziwa huoshwa papo hapo kwa maji baridi, kisha ya moto, huku kikisuguliwa kwa sosiot. Sabuni haifai, kwani ganda huinywa na kuirudisha katika maziwa yanayofuata. Hukaushwa kikiwa kimeinamishwa kivulini penye upepo; jua kali hukipasua. Kosa linaloharibu vibuyu vingi ni kukifunika kingali na unyevu. Kuvu huota kwenye kitako, mahali jicho lisipofika, na makaa mapya hulificha tu tatizo.

Tahadhari hiyo ina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta pombe na kemikali iitwayo asetaldehaidi katika mursik kutoka magharibi mwa Kenya, na watafiti wakataja uwezekano wa kuwapo uhusiano na saratani ya umio, ugonjwa unaoonekana sana katika eneo hilo. Haukuthibitisha kwamba mursik ndiyo chanzo. Hata hivyo, pombe hiyo hutokana na hamira, na hamira hukaa kwa raha katika chombo kisichosafishwa.

Aidha, kibuyu safi hakiponyi maziwa mabichi. Ugonjwa wa bruselosi hutoka kwa ng'ombe hadi kwa mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na uchachu pekee si kinga ya kutegemewa. Kuchemsha kwanza hakuepukiki.

Wapo wanaotaka kusonga mbele hadi jibini laini. Hao huyapasha moto maziwa yaliyoganda na kuyachuja kwa kitambaa cha pamba hadi maji yaishe. Sufuria ya kazi hii iwe ya chuma kisichoshika kutu. Debe la alumini linafaa kwa maziwa mabichi ya kupeleka kiwandani, lakini asidi ya maziwa machachu huila alumini. Mtungi wa plastiki hauna nafasi hapa, kwa kuwa mikwaruzo yake huficha vijidudu ambavyo maji ya moto hayavifikii. Kitambaa nacho huchemshwa kila baada ya kutumika na kuanikwa hadi kikauke kabisa.

Kibuyu kilichopata ufa huweza kushonwa kwa uzi wa ngozi, na mafundi wa kazi hiyo wangaliko. Lakini mshono hubakiza masalio ya maziwa ambayo ufagio hauyatoi, na kibuyu cha namna hiyo hufaa zaidi kuwekea mbegu za wimbi hadi msimu wa kupanda.