Saratani ya kinywa ikirudi, na kisu hakifai

Jamaa wa Mombasa na Lamu huniuliza: saratani ya kinywa imerudi, daktari amesema upasuaji haufai, Nairobi kuna nini?

Kwanza, mionzi. Ipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na Aga Khan kule Parklands. Lakini aliyewahi kuchomwa huenda asirudiwe, kwani mfupa wa taya waweza kufa. Pili, dawa za kemo, kama sisplatini. Tatu, dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab. Ni ghali, wala hazimfai kila mgonjwa.

Maumivu yatibiwe tangu mwanzo. Nairobi Hospice, katika uwanja wa Kenyatta, yafanya kazi hiyo tangu 1990.

Nawasihi, msipande basi bila karatasi za mionzi ya kwanza: kiasi alichopewa na mahali palipochomwa. Hizo ndizo daktari atakazouliza. Na tambuu iachwe.