Takwimu za Kamituga zinapokwama: namna ya kutafuta shida kwenye DHIS2

Kati ya tarehe 29 Septemba 2023 na 29 Februari 2024, Kamituga ilihesabu wagonjwa 241 walioshukiwa kuwa na mpox. Maabara ilithibitisha 108 kati yao. Virusi vilipochunguzwa, ikaonekana ni aina mpya, ambayo leo inaitwa clade Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na jina la mji wa wachimba dhahabu, karibu kilomita 180 kutoka Bukavu, likasikika mpaka Geneva.

Lakini hesabu haisafiri yenyewe. Dawa, vipimo na chanjo hupangwa kwa kufuata kile kinachoonekana kwenye ripoti. Kituo ambacho ripoti yake imekwama njiani kinaonekana kama kituo kisicho na wagonjwa, hata kama watu wamejaa kwenye mabenchi. Ndiyo maana inafaa kujua tarakimu hupita wapi, na hukwama wapi.

Njia ya tarakimu

Muganga wa kituo cha afya hujaza kaneva ya SNIS kwa mkono. Karatasi hiyo hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, ile watu wanaita BCZ, na pale tarakimu huingizwa ndani ya DHIS2. Zikiisha kuingia, wakubwa wa afya wa Bukavu na wa Kinshasa wanaweza kuziona bila kungoja gari. RDC ina zoni za afya 519. Kivu Kusini peke yake ina 34. Zote zinamimina tarakimu kwenye ghala moja.

DHIS2 inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, wakati nchi ile ilikuwa inajenga upya huduma za afya baada ya ubaguzi wa rangi. Kenya iliitumia nchi nzima tangu 2011, na nchi nyingi za Afrika zikafuata.

Kwanza: shida ni ya aina gani?

Watu wengi husema tu "DHIS2 inakataa". Maneno hayo hayamsaidii fundi. Kuna shida za aina tatu, na kila moja ina dawa yake. Ukurasa ukikataa kabisa kufunguka, shida ni ya muunganisho. Ukifunguka lakini faili haiingii, shida ni ya uingizaji. Tarakimu zikiingia lakini jedwali likaonyesha kitu kingine, shida iko kwenye swali lenyewe au kwenye mahesabu ya ghala. Ukichanganya hizi tatu utapoteza siku nzima.

Muunganisho

Jaribu ukurasa mwingine wa intaneti. Ukikataa nao, rezo haiko au mega zimeisha. Simu inaweza kuonyesha mistari yote ya rezo na bado intaneti haipiti, kwa hiyo usiamini mistari peke yake.

Kurasa zote zikikataa na kivinjari kikisema kwamba cheti cha usalama hakifai, angalia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikikufa, kila umeme ukikatika mashine hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma, na cheti cha leo huonekana kama bado hakijaanza kufanya kazi. Rekebisha tarehe, halafu jaribu tena. Hapana haja ya kupakia programu upya.

Rezo ikikatika katikati ya kuandika, fomu ya DHIS2 huweza kutunza tarakimu ndani ya kivinjari mpaka rezo irudi. Ni msaada mkubwa, lakini una mtego: tarakimu hizo ziko kwenye mashine ile na kivinjari kile tu. Mtu akifuta data zilizotunzwa na kivinjari kabla hazijatumwa, zimepotea. Karatasi ya kaneva isitupwe mpaka tarakimu zionekane upande wa pili.

Ukurasa ukifunguka lakini akaunti yako haioni kituo fulani, huenda rezo haina kosa. Akaunti hupewa vituo vyake: kuna ruhusa ya kuandika na kuna ruhusa ya kuangalia, na hizo ni mbili tofauti. Mwenye kupangia akaunti ndiye anayerekebisha.

Kuingiza faili

Hapa ndipo Excel ya Kifaransa inasumbua. Ukihifadhi faili ya CSV, Excel hiyo hutenganisha nguzo kwa nukta-mkato, wakati DHIS2 inangojea mkato. Matokeo yake mstari mzima unasomwa kama neno moja. Fungua faili kwa programu ya maandishi ya kawaida, uangalie kwa macho yako ni alama gani iko katikati. Vilevile herufi zenye alama, kama é, zikigeuka kuwa takataka, faili haikuhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8.

Kosa la pili ni majina. Kamituga ni mji, ni zoni ya afya, na pia ni hospitali kuu ya rufaa. Faili inayotaja "Kamituga" tu haisemi ni ipi kati ya hizo. Katika DHIS2 kila kituo kina kodi ya herufi na tarakimu 11, na hiyo haifanani na ya kituo kingine. Tumia kodi, si jina. Na uiangalie baada ya kupita Excel.

Kosa la tatu ni kipindi. Mwezi wa Septemba 2023 huandikwa 202309, na wiki ya 39 huandikwa 2023W39. Ukiandika "sept 23" mashine haielewi. Pia kipindi kinaweza kuwa kimefungwa kwa sababu siku za kutuma zimepita. Hapo tarakimu nzuri kabisa hukataliwa mpaka mkubwa mwenye ruhusa afungue.

Kabla ya kuingiza kweli, chagua jaribio kavu: DHIS2 inapima faili bila kuhifadhi chochote. Halafu soma muhtasari wote: ngapi zimeingia, ngapi zimebadilishwa, ngapi zimeachwa. Neno la kijani la kusema kazi imeisha halitoshi. Kama ulituma mistari 200 na 60 zimeachwa, kazi haijaisha.

Kuuliza ghala

"Niliingiza asubuhi, mchana jedwali liko tupu." Hiyo mara nyingi si hasara. Jedwali na michoro ya DHIS2 havisomi fomu moja kwa moja. Husoma majedwali ya uchambuzi ambayo hutengenezwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Fungua fomu ya kituo kile: tarakimu ikiwa mle, ngoja mpaka kesho. Kurudia kuingiza hakuongezi mwendo.

Sifuri nayo ina mambo yake. Isipokuwa imepangwa vingine, DHIS2 haitunzi sifuri. Basi kituo kilichosema "hakuna mgonjwa" na kituo kisichosema kitu vinaweza kuonekana sawa kwenye jedwali. Tazama ripoti ya ukamilifu ili kujua nani alibonyeza kwamba fomu yake imekamilika.

Na kalenda? Tarehe 29 Septemba 2023 ilikuwa Ijumaa, ndani ya wiki ya 39. Wiki ile ilianza Jumatatu 25 Septemba ikaisha Jumapili 1 Oktoba. Mgonjwa wa Jumapili ile yuko kwenye wiki ya 39, lakini kwenye ripoti ya mwezi yuko Oktoba. Anayejumlisha wiki ili apate mwezi ataona tofauti, na atamtukana mwenzake bure.

Mwisho, 241 na 108 zote ni kweli, lakini zinajibu maswali mawili: walioshukiwa na waliothibitishwa. Jedwali mbili zikipingana, kwanza uliza zilihesabu nini.

Shida ikiwa kwa seva

Ukurasa ukizunguka muda mrefu ukaleta 504, seva imechoka kungoja jibu. Punguza swali: zoni moja badala ya mkoa mzima, mwaka mmoja badala ya mitano. Likijibu, ghala ni zima, ni swali lililokuwa zito.

Ghala kubwa linaweza kutumikiwa na seva kadhaa zinazogawana kazi. Faida yake ni kwamba moja ikianguka nyingine huendelea. Shida yake ni kwamba moja inaweza kubaki na kumbukumbu ya zamani. Watu wawili, saa ileile, swali lilelile, majibu mawili. Ukiona hivyo usibadilishe tarakimu. Wajulishe wanaosimamia seva.

Kabla ya kupigia Bukavu simu

Andika mambo matano: saa kamili, jina la akaunti bila neno la siri, kituo na kipindi, maneno ya kosa yalivyo, na kama mwenzako kwenye mashine nyingine anaona kosa lilelile. Piga picha ya skrini, lakini ufiche majina ya wagonjwa. Orodha ya wagonjwa wa mpox isizunguke kwenye vikundi vya WhatsApp, juu mji ni mdogo na watu wanajuana.

Kwa mambo hayo matano fundi anaweza kuanza kazi palepale. Bila hayo, ataanza kwa kuuliza maswali yaleyale, na wakati huo unite za simu zinaisha, na kule juu kituo bado kinaonekana hakina mgonjwa hata mmoja.