Kushuka Pwani

Bibi yangu akisema mtu "ameshuka pwani", hana maana kwamba amekwenda Dar es Salaam. Maana yake hatutamwona tena. Nilikua nikidhani ni msemo wa Wagogo wote, mpaka nikiwa chuoni nilipowauliza wenzangu wa Bahi na wa Kongwa, wakabaki kunitazama. Kumbe ni msemo wa nyumba yetu tu. Umetumika kwa marehemu, kwa ng'ombe waliopotea machungani, na mara moja kwa redio iliyoibwa.

Kwa hiyo mjomba alipoandika kwenye kundi la familia kwamba Desemba tushuke sote pwani tukapumzike, watoto waione bahari na wazee wapigwe na upepo, wengi walijibu kwa furaha. Bibi hana simu ya kusoma ujumbe. Alisomewa na mjukuu wake. Jibu lake lilikuja kwa sauti iliyorekodiwa: "Nyie shukeni. Mimi nitabaki niwalilie."

Tuko watu kumi na tisa, vizazi vinne. Mkubwa ni bibi, aliyepita miaka themanini. Mdogo ni kitukuu chake cha miezi saba. Kazi ya kupanga safari nilipewa mimi, kwa sababu nafundisha historia na sina watoto, mambo mawili ambayo kwa ndugu zangu yana maana kwamba nina nafasi. Mjomba alitaka Zanzibar. Dada alitaka Pangani. Mimi nilipendekeza Bagamoyo: ni karibu kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, hakuna boti ya kumpandisha mzee mwenye goti bovu, na kuna vitu vya kuwaonyesha watoto zaidi ya maji. Kuna magofu ya Kaole, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mji mkongwe ambako misafara ya bara ilimalizia safari.

Binamu zangu walinipinga hapohapo. Mmoja aliandika: "Unataka kumpeleka bibi mahali babu zetu walikouzwa? Ndiyo maana anaogopa." Wengine wakakubali. Ilionekana ni maelezo yanayojitosheleza: utumwa, minyororo, Bagamoyo, hofu ya bibi. Lakini historia ya uwanda huu wa kati haijakaa hivyo, na kabla sijabadilisha mpango nilitaka kujua msemo wetu ulizaliwa lini.

Njia ya misafara ilipita kwetu. Kutoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, kisha ikaingia Ugogo na kuendelea hadi Tabora na Ujiji. Marenga ni maji kwa Kigogo. Jina lenyewe lilikuwa onyo kwa mpagazi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Tabora Novemba. Stanley alipita Ugogo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Mvumi, upande wa kijijini kwetu, ni mojawapo ya vituo alivyoviandika akilalamika.

Alilalamikia hongo. Leo neno hilo tunalijua kwa maana chafu, lakini wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Kisima kilichimbwa na watu na kulindwa na watu. Msafara wa mamia ya wapagazi ulipofika, ungeweza kukikausha kwa siku moja. Kwa hiyo mtemi alituma wajumbe, wakahesabu mizigo, wakataja bei: doti kadhaa za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Mazungumzo yangeweza kuchukua siku nzima au tatu. Asiyelipa hakunywa. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba Wagogo ni wanyang'anyi. Ukisoma kutoka upande wa kisima, unaona watu waliojua thamani ya kitu walicho nacho.

Upande huohuo wa kisima una jambo gumu pia. Misafara iliyolipa hongo kwetu haikubeba pembe za ndovu peke yake. Baadhi iliongoza mateka waliotoka mbali zaidi, ng'ambo ya Tabora na Tanganyika. Watemi wetu walipokea nguo kwa misafara hiyo kama walivyopokea kwa mingine. Wagogo nao waliuzwa, hasa miaka ya njaa, lakini Ugogo kwa sehemu kubwa ilikuwa nchi ya kupitia, na waliopita walilipa. Nilipoandika hayo kwenye kundi la familia, palikuwa kimya siku mbili. Ni rahisi kuwa kizazi cha waliofungwa kuliko kuwa kizazi cha waliouza maji.

Na kuna wapagazi wenyewe. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi na wengineo waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa ujira, wakashuka pwani, wakapumzika, wakanunua, wakarudi kwao, na msimu uliofuata wakashuka tena. Jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili zinazogombana hadi leo. Moja ni ya mateka anayeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa bahari. Nyingine ni ya mpagazi anayebwaga mzigo na kutulia baada ya miezi ya kutembea. Sina haja ya kuamua ipi ilitangulia. Ninachoona ni kwamba katika karne ya 19, kushuka pwani kwa watu wengi wa njia hii kulikuwa na nusu yake ya pili, yaani kupanda kurudi. Msemo wa bibi hauna nusu hiyo.

Wajerumani walipoweka boma Mpwapwa mwaka 1889, hongo ilianza kufa. Reli yao ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Wala hapo sikuona sababu ya mtu kusema aliyeshuka hatarudi.

Sababu ilikuja na vita. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yakipigana upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka. Sasa Waingereza nao walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo na barabara, mahali ndorobo aliua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kwa kazi hiyo. Kwa hesabu za chini, karibu laki moja walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na kichomi. Mtu aliyekulia kwenye uwanda mkavu alipelekwa Rufiji wakati wa masika, akapewa unga na hakupewa muda wa kuupika.

Babu yake bibi, mzaa mama, alichukuliwa mwaka 1917. Hatuna karatasi yoyote. Tuna alichosimulia mama yake bibi, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita: askari walikuja asubuhi, wanaume wakapangwa mstari, wakapelekwa Dodoma stesheni na kupandishwa behewa. Watoto waliambiwa, "Baba ameshuka pwani." Ni jibu ambalo mama huwapa watoto akiwa hana jibu.

Baadaye mvua ilikata. Homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ilifika na huku. Ghala zilikuwa tupu, mifugo imechukuliwa, na mikono ya kulima haipo. Njaa iliyofuata, hadi mwaka 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Makadirio yanasema iliua kama watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo, mtu mmoja kwa kila watano. Mama yake bibi aliishi kwa mizizi na ngozi iliyochemshwa. Katika nyumba yao ya tembe walikuwa watoto wanne, alibaki mmoja. Kila aliyekufa, mama yao aliwaambia waliobaki maneno yaleyale: ameshuka pwani, amemfuata baba.

Kwa hiyo msemo wetu una tarehe. Hautoki kwenye karne za misafara. Unatoka kwenye miaka mitatu au minne, na kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na sentensi moja ya kuwaambia wanawe.

Nilikwenda kijijini kumweleza bibi niliyoyakusanya. Nilibeba ramani. Alinisikiliza akichambua mlenda, kisha akauliza swali moja: "Walimpeleka pwani ipi?"

Nilimwambia sijui alipofia. Nilimwambia ninajua mahali ambapo wengi wao walikusanywa. Dar es Salaam, Wajerumani waliacha jengo la soko katika eneo walilopanga kwa ajili ya Waafrika, na Waingereza walipoingia waliligeuza eneo hilo kambi ya kikosi cha wapagazi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ililifanya jina hilo Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ileile.

Bibi aliacha kuchambua. "Kariakoo hii ya nguo?" Hiyohiyo. Sare za shule za wajukuu wake wote zimetoka huko. Vitenge vyake vinatoka huko. Mjomba amekuwa akinunua vipuri huko tangu kabla sijazaliwa, akapita juu ya kambi hiyo mara mia, akalipanda lile soko la ghorofa la mbunifu Beda Amuli kabla halijaungua Julai 2021. Hakuna aliyemwambia kwamba jina analolitaja kila wiki ni jina la watu kama babu yake.

Nilimweleza pia kuhusu sanamu ya Bismini katikati ya jiji, iliyozinduliwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini hayana jina la hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Bibi hakushangaa. Alisema jina la babu yake halijapotea, lipo. Ni kweli. Ni jina la kitukuu yule wa miezi saba.

Baada ya hapo hakusema atakwenda wala hatakwenda. Wiki mbili baadaye alinipigia kwa simu ya jirani na kutoa masharti, moja baada ya jingine, kama wajumbe wa mtemi wakihesabu mizigo. Kwanza, hatalala ghorofani. Pili, Bagamoyo sawa, lakini kabla ya Bagamoyo tupite Kariakoo. Tatu, tubebe maji ya kisima cha nyumbani, dumu moja la lita tano. La kufanyia nini, hakusema, nami sikuuliza. Nne, tiketi za kurudi zikatwe kwanza, kabla ya za kwenda, na yake aishike mwenyewe.

Sharti la nne ndilo lililonipa kazi. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, hutumia chini ya saa nne. Tiketi hukatwa kwa simu au mtandaoni, na kila abiria huandikwa jina na namba ya kitambulisho. Nilimweleza bibi kwamba tiketi siku hizi ni ujumbe tu. Akasema ujumbe hauwezi kuushika. Nitachapa basi, karatasi kumi na tisa, na yake nitaiwekea nailoni isilowe.

Mpango umekaa hivi. Tunashuka Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Tunalala Dar es Salaam kwa shangazi, Jumapili asubuhi Kariakoo, kabla joto na watu havijawa vingi, kisha Bismini kwa wanaoweza kutembea. Mchana basi dogo la kukodi hadi Bagamoyo, usiku nne, vyumba vya chini. Karanga, ubuyu na zabibu za njiani atabeba dada. Mjomba bado anaulizia boti ya kwenda Zanzibar kwa siku moja. Ijumaa tunapanda, wote kumi na tisa.