Kalibu kwanza, gitaa baadaye: vifaa ambavyo fundi hujitengenezea mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

FUNDI seremala wa jijini Mwanza anayeweza kutengeneza kitanda cha mninga kisichotikisika kwa miaka 20 anaweza kushindwa na gitaa lake la kwanza, na tatizo lisiwe ustadi wa mkono wake. Kitanda huvumilia kosa la milimita 2. Gitaa halivumilii hata nusu milimita mahali pasipotakiwa, kwani kosa hilo husikika kila uzi unapopigwa.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa magitaa makavu duniani kote huanza kwa kutengeneza vifaa vya kuongozea kazi, yaani vigezo, kalibu na vibano vya namna mbalimbali, kabla ya kugusa ubao wa gitaa lenyewe. Vifaa hivyo havipatikani katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, na kuviagiza nje ni gharama kubwa. Hata hivyo, karibu vyote vinaweza kutengenezwa kwa plaiwudi, bomba la chuma, fito za mianzi na mpira wa ndani wa baiskeli.

Kifaa cha kwanza ni kigezo cha umbo. Fundi huchora kwenye plaiwudi nyembamba nusu tu ya umbo la gitaa, kuanzia mstari wa katikati kwenda upande mmoja, kisha hukata na kulainisha kwa tupa na msasa. Nusu hiyo huchorwa upande mmoja na kugeuzwa kuchora wa pili. Anayejaribu kuchora umbo zima kwa mkono hupata gitaa lenye bega moja lililoshuka, na jicho la mnunuzi huliona kabla ya sikio.

Kutokana na kigezo hicho hutengenezwa kalibu. Vipande vya plaiwudi nene hukatwa uwazi wenye umbo la nje la gitaa na kuunganishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi vifikie kimo cha kutosha kushika mbavu. Kalibu huwa na nusu mbili zinazofungwa kwa bolti, ili gitaa litoke bila kulazimishwa. Asiye na mashine asikate tamaa: tabaka la kwanza likishalainishwa vyema, hutumika kuchorea mengine yote.

Kisha huja kukunja mbavu. Waunda mitumbwi wa kando ya Ziwa Victoria wanaijua vyema shida ya kulaza ubao juu ya mataruma bila kuupasua. Tofauti ni kwamba ubavu wa gitaa una unene wa takriban milimita 2 tu. Kifaa chake ni bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 6 hadi 8, lililofungwa imara na kutiwa makaa ndani. Tone la maji likidondoshwa juu yake na kurukaruka kabla ya kutoweka, joto limefaa. Ubao uliolowanishwa husukumwa taratibu mpaka fundi ahisi umelegea; anayetumia nguvu huuvunja. Bomba lisiwe lile lililopakwa zinki, kwani zinki ikichomwa sana hutoa moshi wenye madhara, na kazi ifanyike nje, maana hewa ya makaa huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Kifaa kinachostahili subira kuliko vyote ni kisanduku cha kuongozea msumeno wa kukatia mifereji ya freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyopita shingoni. Mafundi wa litungu ya Wakuria mkoani Mara, au nyatiti ya Wajaluo, hawana haja nacho: kila uzi wa ala hizo hutoa sauti yake moja na hukazwa kwa sikio. Gitaa lina hesabu yake. Urefu wa uzi unaopigwa, kuanzia kizuizi cha kichwani hadi darajani, hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba ileile, na kuendelea hivyo.

Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka kichwani, ya pili 70.9, ya tatu 103.4, ya tano 163.1, ya saba 216.2 na ya 12 hukaa 325, nusu kamili. Hiyo ya 12 ndiyo shahidi wa hesabu nzima. Isipofika nusu, kuna mahali umekosea. Vipimo vyote vipimwe kutoka kichwani, kwa sababu anayepima kutoka freti moja hadi nyingine huyarundika makosa madogo mpaka yakawa kosa kubwa. Daraja lenyewe husogezwa nyuma milimita 2 au 3, kwa kuwa kidole kinapokandamiza uzi huukaza kidogo na kupandisha sauti.

Vipimo hivyo huhamishiwa kwenye ubao mmoja mgumu, ukawa kigezo cha kudumu. Kisanduku chenyewe ni kuta mbili zilizosimama, zenye mpasuko wa kupitishia msumeno kwa pembe mraba. Mfereji una upana wa takriban milimita 0.6, hivyo msumeno wenye meno yaliyopanuka sana haufai. Meno hayo yanaweza kupunguzwa kwa jiwe la kunolea, na kujaribiwa kwanza kwenye kipande cha kutupwa.

Vibano ni rahisi zaidi. Mpira wa baiskeli uliokatwa vipande virefu hufunga mgongo na uso wa gitaa kwenye mbavu kwa mkazo ulio sawa pande zote. Fito za mianzi, zikipindwa kati ya uso huo na ubao uliowekwa juu yake kama dari, hukandamiza taruma za ndani wakati gundi inakauka. Taruma hizo si pambo: nyuzi sita za chuma nyembamba huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, na gundi isiposhika, uso huvimba na daraja hung’oka.

Mninga unaoletwa kutoka misitu ya miombo ya Tabora hufaa kwa mgongo na mbavu, kwani hausinyai sana ukikauka vyema. Plaiwudi ya kalibu, kinyume chake, hupinda ikilowa. Wakati wa masika ya Machi hadi Mei itundikwe mbali na ukuta unaovuja, na kabla ya kila gitaa jipya kigezo cha nusu kirudishwe ndani yake kuhakikisha kuwa pande zote mbili bado zinalingana.